Aliyemaliza Mega za Mama Pascasie

Mama Pascasie alikuwa mjane wa mtaa wa Himbi, huku Goma, mwalimu aliyeacha chaki akaanza kutafsiri ripoti za mashirika akiwa nyumbani. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ndiyo iliyokuwa shamba lake. Mtandao ukikatika kazi inalala, na kazi ikilala, chungu nacho kinalala.

Tangu Pasaka, mega za mwezi, kifurushi chake cha intaneti, zilikuwa zinakwisha kabla ya tarehe kumi na tano. Akatafuta mwizi, jicho likamwangukia Alliance, mwanamke wa Masisi aliyepanga kibanda cha mbao nyuma ya ukuta baada ya kambi ya wakimbizi ya Mugunga kuvunjwa. Pascasie mwenyewe ndiye aliyempa neno la siri, ili awe anaongea kwa mtandao na mama yake mgonjwa aliyebaki milimani.

"Nilikuachia baraza, weye ukaingia mupaka mu chumba!" alimwambia mbele ya wanawake waliokuwa wanangoja maji.

Alliance akatua bidoni lake. "Mama, minaongeaka na mama yangu tu. Dakika kumi, njo basi."

"Kuanzia leo utaongea kwa mega zako."

Siku hiyohiyo akamwita Benny, fundi wa mitandao. Benny akabadilisha neno la siri, akawasha pare-feu ya kuzuia wasioitwa, kisha akaandika ndani ya ruta simu na kompyuta zinazoruhusiwa: za Pascasie, na za shemeji yake Cédrick, mdogo wa marehemu, aliyekaa chumba cha uani.

"Sasa hata panya haipiti," Benny alisema.

Baada ya wiki mbili, mega zikakwisha tena. Benny akarudi, akafungua orodha ya matumizi, akasoma, halafu akamgeuzia skrini.

"Mama, inje hakukuwa mwizi. Angalia. Kompyuta ya Cédrick njo inakula yote."

Kumbe zile filamu alizokuwa anauza Cédrick sokoni kwenye flashi, alikuwa anazivuta kutoka mtandaoni humuhumu, mchana kutwa.

Pascasie akamwomba Benny aiingize simu ya Alliance kwenye orodha. Kisha akaandika mwenyewe neno jipya la siri kwenye kipande cha karatasi, akauzunguka ukuta. Alikuta wanawake wameketi kwenye mikeka, na Alliance katikati yao, kajifunga kitambaa kichwani. Mama yake alikuwa amezikwa siku nne zilizopita. Kaka yake alimpigia kwa mtandao wiki nzima bila kumpata. Mgonjwa alikuwa anaomba kusikia sauti ya binti yake. Habari ilikuja kuletwa na dereva wa lori la makaa.

Pascasie akanyoosha karatasi, maana hakujua mkono ufanye nini kingine.

"Aksanti, Mama," Alliance alisema, asiipokee. "Sasa niongee na nani?"

Aliporudi, Cédrick alikuwa amesimama mlangoni, na Benny bado mbele ya ruta.

"Mufunge," Pascasie akamwambia Benny. "Umutoe mu orodha."

Cédrick akacheka. "Shemeji, kelele yote hii sababu ya mega? Funga basi. Lakini hii parcelle, kiwanja na nyumba, iko kwa jina la nani, yako ao ya famiya yetu?"

Benny akangoja, kidole juu ya kitufe. Pascasie akakikunja kile kipande cha karatasi kiganjani.

"Acha," akasema.

Kabla ya Jumapili Alliance alihama. Hakuaga mtu.