Baba Atarudi Mapema, Sivyo?

Juzi binti yangu alikuwa akisoma kwa sauti zoezi la Kiingereza, yale maswali yenye mkia: "Father will come home early, won't he?" Mara harufu ya jiko la mafuta ya taa ikanijia, nikajiona tena mtoto mtaani Umoja, nimeketi mkekani kando ya mama akichambua kunde.

Nilikuwa nikimsomea kila sentensi ya zoezi kama hilo, kisha nikimtafsiria. "Baba atarudi nyumbani mapema, sivyo?"

Mama aliacha kunde. "Eh, Mungu, asirudi mapema!"

"Si mimi ninayeuliza, mama. Ni kitabu."

"Nimesikia. Na mimi nimekijibu."

Nilidhani wamekosana na baba. Mimi nilipenda sana baba akirudi mapema, kwani tulicheza mpira pale nje mpaka jua likazama. Sikujua kwamba vibarua kama yeye, kule viwandani Industrial Area, walichaguliwa getini asubuhi, na aliyeachwa ndiye aliyerudi mapema. Wiki ile tulikuwa tumecheza mpira kila siku.

Mchana huo, kila viatu viliposikika nje, mama aliinua kichwa. Vikapita. Kivuli cha kamba ya nguo kilitambaa ukutani, jirani akafungulia redio, na mlango wetu haukufunguliwa. Nikaanza kulia, nikidhani baba amepotea.

Mama alinipangusa machozi kwa leso yake. Kisha akabandika sufuria ya ugali, ile kubwa, akaanza kuimba.