Dakika Tano Kibandani, Mama Akiwa Nje ya Kioo

Nikimwambia mtu mimi ni mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu, ananiangalia mimi, anaangalia jua la Texas huko nje, halafu ananiuliza kama nimesema soka. Nishazoea. Ligi yenyewe ni ya chini, ile ukiteleza kidogo tu umerudi warehouse ya Mesquite, hapa pembeni mwa Dallas, kubeba masanduku na wajomba wa Kongo, wanakuuliza barafu iliyeyuka lini.

Mimi ni beki. Kazi yangu ni kuteleza kinyumenyume huku jamaa mzito kama friji ananijia mbio, na nihakikishe hafiki kwa kipa wangu. Hakuna mtu alinifundisha. Nilikuwa nakodisha viatu vya barafu kwa uwanja fulani ndani ya mall, kazi tukufu ya kunusa miguu ya watoto wa wenyewe, na asubuhi kabla hawajafungua meneja alikuwa ananiacha niingie. Simu naiegemeza kwa ukuta, naangalia video, naanguka. Naangalia tena, naanguka vizuri zaidi. Miaka minne hivyo, ndio nikawa mtaalamu.

Mama yangu anatunza wazee kwa nyumba za watu. Nilimwambia hoki ni kama mpira tu, watu wanasukumana kidogo. Hiyo kidogo ilikuwa imening'oa jino, nikamwambia lilikuwa limeoza. Akaniambia nipunguze soda.

Sasa, ile Jumamosi ya Houston ilikuwa mechi ya mwisho ya majaribio yangu. Kocha alinieleza bila kuzunguka: baada ya mechi hii, ama nasaini mpaka msimu uishe, ama narudi kwa masanduku. Nikafanya kosa la kumwambia Mama. Mama naye akasimama kanisani Arlington, wakati wa maombi, akatangaza mtoto ana mtihani. Na kwetu mtoto wa mtu hafanyi mtihani peke yake. Kufika Jumamosi, kina mama kumi na wanne walikuwa ndani ya van ya kanisa na flaski za chai, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuona hoki.

Ilikuwa Oktoba, na Houston bado inachoma. Kwa hivyo wakaja na sandali. Kwa uwanja wa barafu. Nikitoka kupasha misuli nawaona wamejifunga leso mpaka kwa masikio, wamepangwa kama wagonjwa wanangoja daktari, Mama katikati, ananipungia.

Mechi ikaanza na mtu wa kwanza akaanguka. "Pole!" wote kumi na watano wakasema. Akaanguka wa Houston. "Pole!" Refa akaanguka, akapewa pole kubwa kuliko wote. Si unajua watu wetu, mtu akianguka mbele yako hawezi kukosa pole, hata kama ni wewe umemsukuma. Watu wa Houston wakadhani ni wimbo wa mashabiki. Kufika kipindi cha pili, upande mzima ule ulikuwa unasema pole, mpaka wazee wa Texas na kofia zao za cowboy.

Shida ilikuwa mshambuliaji wao mmoja mwenye ndevu. Hoki ina sheria moja haijaandikwa kwa kitabu: mtu akimgusa kipa wako, beki anajibu. Na kipa wetu ni kijana mpole, ndiye alinionyesha siku ya kwanza vile helmeti inafungwa, na hakucheka. Huyo wa ndevu akamkalia mara ya kwanza. Nikaangalia juu, nikaona Mama, nikajifanya nafunga glavu. Akamkalia mara ya pili. Nikakumbuka jino na ile hadithi ya soda. Mara ya tatu akampiga na fimbo kwa barakoa, paa.

Basi. Nikatupa glavu, kwa hoki hiyo ndiyo kengele ya ngumi. Sitasema nilimpiga ngapi, lakini hakunipiga nyingi. Na wale kina mama, waliokuwa wamempa pole mpaka refa, wakanyamaza kabisa.

Ukipigana unakaa dakika tano kwa kibanda cha adhabu, na wa ndevu anakaa kwa chake, katikati yenu watu wa kuhesabu saa. Nimekaa, natema damu kwa taulo, nasikia kioo kinagongwa nyuma yangu. Nageuka. Mama.

Alikuwa ameshuka ngazi zote na leso yake na mkoba wake. Hakupiga kelele. Akaniuliza kupitia nafasi ya kioo kama huyo kijana nimemuumiza. Nikamwambia alimpiga kipa. Akasema hajauliza kuhusu kipa.

Wakatuma mlinzi amtoe. Na uwanja wote ule wenye walinzi, akaja Mkongomani, baba mzima na koti la njano, akamsikia Mama anaongea Kiswahili na kazi ikamshinda hapo hapo.

"Mama, pardon," akasema, "batu habasimamake hapa."

"Baba, shikamoo. Ni mtoto wangu."

Akaniangalia mimi. Akaangalia damu. Akavua koti lake akamwekea Mama mabegani, akasimama kando yake, mikono nyuma. Ulinzi wa hali ya juu.

"Ukitoka hapo," Mama akaniambia, "unamwendea, unampa mkono, unamwomba msamaha. Ama mimi nitaenda kumwomba kwa niaba yako."

Angeenda. Mnadhani natania, angepita kwa barafu na sandali.

Kwa hivyo mlango ukafunguliwa, na mimi, beki, mtu wa vita, nikateleza mpaka kwa yule wa ndevu mbele ya uwanja mzima, nikampa mkono, nikasema samahani. Aliniangalia kama nimemwomba anioe. Mkono akanipa. Huko juu kina mama wakapiga makofi. Kwa benchi yetu hakuna mtu alipiga makofi.

Tulipoteza mechi, lakini si kwa sababu yangu, rekodi iko. Kwa chumba cha kubadilishia nguo kocha alikuwa na maoni. Kwanza kuhusu mimi, na hayo nikameza. Halafu kuhusu Mama. Sitayaandika. Mama akisoma hapa atajua kulikuwa na maneno, lakini maneno yenyewe hatayapata kwangu. Nilimjibu kocha kwa lugha tatu, mbele ya timu yote, na mkoba wangu ukafika nje kabla yangu. Basi la timu likaenda bila mimi.

Ndio nikarudi Dallas na van ya kanisa. Wakanikalisha mbele niwaonyeshe njia, simu yangu ikaunganishwa na spika za gari ili ramani isikike. Wakanipa chai na chapati. Nikawaambia bado wanafikiria kuhusu mkataba. Tulipopita mji wa Huntsville, Mama akafunga flaski.

"Ulichelewa," akasema.

Nikamuuliza nini.

"Yule mtoto wa golini. Alikaliwa mara mbili na wewe uko hapo unaangalia. Yeye hana mama?"

Nilitaka kumwambia nani alikuwa ameketi juu ananipungia, lakini simu ikalia, na kabla sijaigusa sauti ya kocha ikajaa gari zima. Mabeki wawili wameumia, akasema. Kesho Jumapili kuna mechi na hana mtu. Kama nitaomba msamaha kwa yale nilisema, basi la timu linaondoka saa nne asubuhi na karatasi ya kusaini iko mezani.

Kina mama wote ni watu wa kazi za hapa, Kiingereza wanasikia vizuri kuliko mimi.

"Omba msamaha," Mama akasema kwa sauti ya chini.

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa tamu. Halafu nikamsikia kocha anavuta pumzi: "Na kuhusu yale mimi nilisema pale ndani, kuhusu—"

"Samahani, kocha," nikamkata. "Makosa ni yangu. Yote. Nilikosa heshima."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anataka kuyarudia au kuyafuta. Akasema saa nne, nisichelewe, akakata.

Nyuma wakasema amina. Mmoja akaanza kueleza wengine vile mtoto akilelewa vizuri hata hasira yake ina adabu. Mimi nikaangalia barabara.

"Si umeona," Mama akasema, anakunja leso yake. "Ilikuwa ngumu?"

"Hapana, Mama. Ilikuwa rahisi."

Akaniongezea chai, akaniambia kesho nikae karibu na kipa.