Mguu Mmoja wa Rudy Urquidez

Jumatatu asubuhi nilikuta miwani kumi na moja imening'inizwa kwenye lori langu la gesi.

Ya kusomea, ya jua, mpaka ya mtoto yenye fremu ya waridi. Hakukuwa na barua. Ya nini?

Watu wa Cuerno Seco, magharibi mwa Texas, walikuwa wananiambia: mzee, wewe kipofu.

Naitwa Archuleta. Nasambaza gesi mashambani, na msimu ukifika navaa jezi ya milia, nakuwa mwamuzi wa mstari. Nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba na kurusha kwa mikono. Nilichezesha miaka ishirini na mbili kule New Mexico. Mwaka wa mechi hii mke wangu Nelda akapata kazi Texas, tukahama.

Jumamosi iliyotangulia miwani ilikuwa mechi ya mtoano. Cuerno Seco wako nyuma kwa pointi tatu, sekunde nne zimebaki. Miaka thelathini na moja shule yao haijawahi kuvuka hatua ile. Mji mzima ulikuwa jukwaani. Hata mchungaji sauti ilikuwa imemkauka.

Mrushaji wao alikuwa Rudy Urquidez, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Akapokea mpira, akabanwa, akachoropoka, akaja mbio upande wangu.

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Kurusha pasi ya mbele ni ruksa, ila sharti urushe kabla hujavuka mstari mchezo ulipoanzia. Ukishavuka, kimbia nao mpira wako, au mpe mwenzako aliye nyuma.

Rudy akarusha. Mwenzake akadaka ndani ya eneo la mwisho. Jukwaa likalipuka.

Mimi nikatupa kitambaa cha njano, alama ya kosa.

Mwamuzi mkuu, mzee Weldon Stroud, akanijia mbio.

"Alivuka?"

"Alivuka."

"Una uhakika?"

"Weldon, nilikuwa nimesimama juu ya mstari wenyewe!"

Akafuta pointi. Mechi ikaishia hapo. Tuliondoka uwanjani katikati ya polisi wawili, vikombe vya soda vinatupitia juu ya vichwa.

Wiki ile ilikuwa noma. Duka la vyakula vya mifugo, jamaa ananiona anageuza kiti. Mwingine akaniuliza, "Bwana gesi, mita yangu unaweza kuisoma, au nikuitie mtu?" Watu wakacheka mpaka wakakohoa.

Nikameza. Nilijua niko sahihi.

Alhamisi nilipeleka gesi kwa kina Urquidez. Nikaomba nimkute mama tu. Akatoka Rudy mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

Nikaitikia, macho nimeyaweka kwenye bomba.

"Usijisumbue na maneno yao," akasema. "Nilivuka kweli. Niliuona mguu wangu. Wenzangu nimeshawaambia kosa ni langu."

"Wakasemaje?"

Akainua mabega. "Hawanisemeshi. Chakula cha mchana nakula peke yangu kwenye gari."

Nitakuwa mkweli kwenu. Sikumwonea huruma. Nilifurahi! Nimepata shahidi, tena mkosaji mwenyewe.

Jioni hiyohiyo nikaenda kwa Weldon na video ya mechi kwenye simu. Nikaisimamisha pale mpira unapotoka mkononi. Kiatu cha kushoto cha Rudy kiko mbele ya mstari, chote.

"Umeona?" nikamwambia. "Nani kipofu sasa?"

Weldon akavaa miwani yake. Akatazama muda mrefu.

"Na mguu wa kulia?"

"Uko nyuma. Lakini wa kushoto..."

"Archuleta." Akaniwekea simu mezani taratibu. "Hiyo ni sheria ya kwenu. Hapa Texas shule zinafuata kitabu cha sheria cha vyuo vikuu. Mpaka mwili mzima uvuke. Mguu mmoja ukibaki nyuma, pasi ni halali."

Nikaiokota simu.

"Mbona hukusema uwanjani?"

"Nilikuuliza kama alivuka. Ukaniambia alivuka. Ningejuaje kuvuka kwako ni kwa mguu mmoja?"

Kitabu kile nilipewa mwezi wa saba. Ukurasa wa pasi niliuruka. Nikasema haya nimeyaimba miaka ishirini na mbili, nani anifundishe?

Usingizi haukuja. Nelda akaniambia, "Mji utasahau, mume wangu. Yule kijana je?"

Jumamosi walikuwa na chakula cha kufunga msimu, ukumbi wa shule, nyama ya moshi na maharage. Niliingia bila kualikwa. Kelele zikafa meza baada ya meza. Rudy alikuwa pembeni karibu na mlango wa jiko, viti viwili kila upande vitupu.

Nikasimama hapohapo.

"Mguu wa Rudy ulivuka mstari. Mguu mmoja. Kwa sheria ya Texas ile pasi ilikuwa halali, na mechi ile mlishinda. Sikusoma kitabu. Kosa ni langu, si lake."

Mtu akapiga meza kwa ngumi. Mama mmoja akaanza kulia. Mzee mmoja akanitolea tusi ambalo sitaliandika hapa, na nilistahili.

Rudy akainuka. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo nilirusha sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, mwanangu. Samahani."

Akaketi, akafunika uso kwa mikono. Mabega yakatikisika.

Kisha mchezaji wao mmoja mnene, aliyekuwa akimlinda uwanjani msimu mzima, akanyanyua sahani yake. Akavuka ukumbi na kukaa kando yake. Akafuata mwingine. Na mwingine.

Nikatoka. Waamuzi wenzangu walinisimamisha msimu mmoja, na ushindi wa Cuerno Seco haukurudi. Matokeo hayageuzwi.

Ndugu unayesoma, kosea kwa sauti ya chini. Ukikosea kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, wa kwanza kukuamini atakuwa yule mwaminifu, na ndiye atakayebeba kosa lako akidhani ni lake.