Ubeti wa Tani Mpishi

Bibi yetu Anyisile wa Ikombe alikuwa mfinyanzi, na ulimi wake ulikata kuliko kisu. Enzi za Wajerumani aliuza vyungu kwenye boma lao kando ya ziwa. Huko ndiko alikomkuta Tani, mpishi Mchina aliyeletwa pwani kulima mashamba ya wakubwa, kisha afisa mmoja akamvuta mpaka Nyasa ampikie. Kote huku hapakuwa na Mchina mwingine.

Tani alipenda kumfundisha lugha yake. Alisema wazee wa kwao hufunga kisa kizima katika maneno manne: jani, anguka, rudi, shina.

"Maneno manne?" Anyisile alicheka. "Baba, kwetu hayo hayatoshi hata kusalimiana!"

Lakini alijifunza. Anyisile akifinyanga, Tani alimtajia ubeti wa mtunzi wa kale, juu ya mama anayeita wanawe waliovuka mto, naye akaurudia hadi ukamkaa kichwani. Tani aliogopa kuzikwa bila kuliliwa kwa lugha yake. Anyisile alimwahidi kwamba atamlilia kwa ubeti huo.

Mvua zilizofuata, homa ikamlaza. Anyisile alipiga kasia hadi bomani, akamkuta amebaki mifupa.

"Mama, niimbie sasa," Tani alisema. "Nikishakufa nitasikia nini?"

"Usinitie laana, baba. Kwetu mtu hai haliliwi. Ukimlilia, umemuua."

"Nakuomba."

Akakataa. Alimshika mkono, akamnywesha uji, ila ubeti hakuutoa. Kesho yake Tani akafa.

Kaburini aliusema wote huku machozi yakimtiririka. Askari walimtazama tu. Kama alikosea, hapakuwa na wa kumsahihisha. Mimi mila naziheshimu, lakini hiyo moja naichukia hadi leo, na bibi aliichukia kabla yangu.

Miaka ikapita. Mama yake mzazi alipokuwa anakata roho, Anyisile aliketi kando ya mkeka, akaanza kumwombolezea kwa sauti, akitaja mababu zake na vyungu vyake na watoto aliowalea, kana kwamba wanatoka kumzika.

Kaka yake Lameck akaruka. "Mchawi wewe! Unamuua mama!"

Wakamburuta nje, wakafunga mlango. Ukoo ulimtenga tangu siku hiyo, wala hakuna aliyemwomba radhi mpaka anaingia kaburini.

Lakini siku ile, pale uani, alizidi kupaza sauti ili ipenye ukutani. Shangazi aliyekuwa ndani anasema mama yake Anyisile alijigeuza kwa taabu, akaelekeza sikio mlangoni, akasikiliza mpaka pumzi ikamwisha.