Kikombe cha Mtumishi

Mwalimu wetu wa fasihi pale Msambweni alikuwa na sauti ya chini, na kila alipomaliza kuandika ubaoni alijifuta chaki kwa leso, kidole kimoja kimoja. Siku hiyo tulisoma hadithi fupi ya mtumishi aliyetengewa kikombe cha bati nyumbani kwa tajiri. "Kikombe kinaashiria nini?" akauliza. Tukajibu kwa pamoja, "Utabaka." Akaitikia kwa kichwa, akaliandika neno hilo kwa herufi kubwa.

Yusra akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Mbona mtumishi hakukataa?"

"Mamangu alifanya kazi kwenye nyumba kama hiyo, huko Diani," mwalimu akasema. "Alipozeeka nikamchukua akae kwangu. Asubuhi ya kwanza mke wangu alimtilia chai kwenye kikombe cha kaure, kama sisi sote. Mama akakirudisha. Akaomba apewe chake, kisichochanganywa na vya wenye nyumba."

"Ukafanyaje, mwalimu?"

"Nilimbembeleza sana, mwanangu, anywee kikombe kile, akakataa. Mwisho nikaenda dukani nikamnunulia cha bati. Alikinywea mpaka alipofariki."