Mwalimu Aliyeficha Mikono Ndani ya Kanga

Nnakumbuka siku moja, mwanangu, barua ilinipotea mbele ya bosi wangu, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nlikuwa napokea wageni kwenye hoteli ndogo hapa Mji Mkongwe. Bosi kaleta kompyuta, kasema ikifika Ramadhani, asiyeiweza atafute kazi nyengine. Na mimi skuli nliiacha njiani; au yenyewe ndiyo iliyoniacha, mpaka leo hatujaelewana.

Nikajiandikisha darasa la watu wazima, skuli moja ya Chukwani. Viatu mlangoni, kompyuta zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama mabibi harusi. Mwalimu wa mwanzo alishika mausi mwenyewe, sie tunaitikia kama watoto wa chuo cha Kurani: kibodi, mausi, kioo. Kwa sauti nliwashinda wote. Majina nliyahifadhi, lakini kidole hakijagusa kitu.

Kisha akaja Bi Mwanaidi, mtu wa Makunduchi. Akavua vile vitambaa, akatuweka wawili wawili: mmoja ashike asiseme, mwenzake aseme asishike, halafu tubadilishane. Mwenzangu alikuwa muuza samaki wa Fumba.

"Taratibu, bwana we," akanambia. "Usiibamize, si pweza hiyo."

Mara barua nnayoiandika ikatoweka. Nikamwita Bi Mwanaidi aje anitolee. Akaja, akaingiza mikono ndani ya kanga.

"Mwisho umegusa nini?"

"Sijui, Bi. Nishikie wewe."

"Kwetu mtoto hufunzwa kusuka ukili wa mkeka kwa kupewa ukili ashike. Nikikusukia mimi, mkeka utakuwa wangu. Tazama kioo."

Nikatazama. Barua imejikunja chini kabisa ya kioo, kibonyezo kidogo, inanisubiri. Nikaibonyeza, ikafunguka.

Basi siku ile ya bosi, barua ya mgeni ikapotea vilevile. Bosi kanyoosha mkono achukue mausi. Nikajisikia nnasema, "Ngoja kwanza. Mwisho nimegusa nini?" Nikatazama chini, ile pale. Bosi akarudisha mkono mfukoni, akasema kesho niwahi kazini. Alhamdulillahi, nlishusha pumzi mpaka karatasi za mezani zikapeperuka.

Kwa hivyo, mwanangu unayekwenda kufundisha kwa mashine hizi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wape washike, wakosee, wasaidiane. Uliza kabla hujajibu. Mikono yako itie kwenye kanga, na kama huna kanga, mifuko ipo. Mungu aibariki mikono ya wanafunzi wako, na akupe subira ya kuificha yako.