Kidole cha Mdogo Wangu

Siku tangazo lilipotoka Nairobi kwamba kamati za kuwahoji vijana wetu kabla ya kupewa vitambulisho zimefutwa, mtaa wetu wa Garissa ulilipuka kwa vigelegele. Nami nilishangilia, sitakataa. Miaka nenda miaka rudi, mtoto wa Nyeri au Kakamega akitimiza miaka kumi na minane anachukua kitambulisho kama anayenunua mkate, ila wetu anakalishwa mbele ya wazee na maafisa, aulizwe babu yake alizikwa wapi na ngamia wa ukoo wana chapa gani. Sasa yamekwisha, alhamdulillahi. Nikamwambia mdogo wangu, "Kesho asubuhi tunaenda."

Mdogo wangu alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Ana miaka ishirini, nami ndiye niliyemsomesha hapa mjini wazazi wakiwa wamebaki Bura na mifugo. Barua ya chuo ilimtaka aripoti baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu, mkononi akiwa na kitambulisho. Asiyeripoti, nafasi yake inapewa mwingine. Kwa lile tangazo, niliona hata wiki moja ingetosha na kubaki.

Tulibeba kila kitu: cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili, cheti cha shule. Afisa alikuwa kijana mpole aliyetoka "Kenya", kama mama yangu anavyoita kote nje ya kwetu hadi leo, utadhani sisi tunaishi mwezini. Akazisifu karatasi zangu kwa mpangilio. Mimi ni mwalimu, karatasi zangu hazikunjwi. Akamwambia mdogo wangu aweke kidole kwenye mashine. Akatazama kompyuta, akamwambia aweke tena. Halafu akataka kidole kingine.

"Madam," akaniambia, "huyu ni mkimbizi."

"Mkimbizi wa wapi? Huyu amezaliwa Bura!"

"Hapa inaonyesha amesajiliwa kambini. Dagahaley."

Mashine haikuwa imekosea. Mwongo nilikuwa mimi.

Mwaka wa ule ukame mkali, ng'ombe wa mama waliisha wote, na mbuzi wakafuata. Pale Bura tuliletewa hotuba. Chakula kilikuwa kambini, cha wakimbizi, na sisi raia tulikaa tukiwatazama watu wakipita na magunia ya unga. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni, miaka sita, hana uzito hata wa kuku, nikaenda naye Dagahaley tukapanga foleni. Mwandikishaji akauliza tumetoka wapi. Nikataja mji wa ng'ambo ya mpaka ambao sijawahi kuuona kwa macho. Wakachukua alama za vidole vyangu na vyake, wakatupa kadi ya mgao. Familia nyingi za huku zilifanya hivyohivyo, na hakuna hata mmoja aliyedhani anaubadilisha uraia wake. Tulikuwa tunatafuta uji, basi. Mvua iliponyesha tukarudi nyumbani na mambo ya kadi yakasahaulika. Mimi wakati huo tayari nilikuwa na kitambulisho changu, ndiyo maana hakuna aliyewahi kunisumbua.

Nikamuuliza afisa sasa tufanyeje.

"Zamani ilikuwa rahisi," akasema. "Mtu wa namna hii alipelekwa mbele ya kamati. Wazee wanathibitisha ni raia, kamati inaandika, jina linatolewa kwenye orodha ya wakimbizi."

"Tupeleke kwa kamati, basi."

"Kamati imefutwa, madam."

"Sasa anayethibitisha ni nani?"

"Tunangoja mwongozo."

Wallahi! Kila mwaka nawafundisha watoto wa darasa la tano kwamba serikali ina mihimili mitatu, nachora na mchoro ubaoni, na hakuna siku nimewachorea mhimili wa kungoja mwongozo. Na kinachonikera zaidi ni kwamba aliyeandika tangazo lile hakuwa mtu mbaya. Alitaka kutusaidia. Ila hakupanda gari akaja kuuliza kamati ile, ukiacha kutusumbua, ilikuwa inafanya kazi gani nyingine. Ilikuwa na kazi moja ya maana, wakaifuta pamoja na usumbufu wote, wakapiga makofi, na sisi tukapiga nao.

Wiki tatu tulipigwa danadana. Chifu alitutuma kwa mkubwa wake. Mkubwa alitutuma kambini. Nikaomba ruhusa shuleni, tukaenda hadi Dagahaley, na huko karani mmoja, Mungu ambariki, akatuchapia barua: sisi wawili tuliondolewa kwenye mgao zamani sana, kwa sababu iligunduliwa kuwa sisi ni Wakenya. Yaani kwa unga, mdogo wangu alikuwa Mkenya, na kwa kitambulisho, alikuwa mkimbizi! Nilirudi Garissa nimeikumbatia barua ile kama mtoto.

Afisa aliisoma mara mbili. "Ni barua nzuri," akasema, "lakini sina mahali pa kuiingiza."

Hapo nikasimama. "Niandike mimi," nikamwambia. "Nilidanganya. Mtoto wa miaka sita hakusema neno, mimi ndiye niliyesema. Niitie polisi, nifunge, lakini huyu mpe kitambulisho chake."

Watu wote kwenye foleni waligeuka kunitazama. Kijana wa watu aliona aibu hadi akainamisha kichwa. "Mama," akasema, safari hii hakuniita madam, "hayo maelezo ni kamati iliyokuwa ikiyasikiliza."

Ijumaa nilipiga simu chuoni kuomba nafasi yake iahirishwe hadi muhula ujao. Dada aliyepokea alikuwa na huruma kweli. Akaniomba namba ya kitambulisho ya mwanafunzi, kwa sababu bila hiyo fomu ya kuahirisha haifunguki. Nilikata simu haraka, maana nilikuwa karibu kutamka neno ambalo mwalimu halitamki.

Jumatatu ile ya kuripoti chuoni mdogo wangu aliamka mapema kama kawaida, akafagia uwanja, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Nikakaa kando yake. Nilikuwa nimechelewa kazini na sikujali.

"Abaayo," akaniita, kama tunavyoitana kwetu dada kwa dada. "Wewe ndiye uliyedanganya, na kitambulisho unacho."

Nilitamani anitukane.

"Siku ile," akauliza, "nilikuwa na njaa kiasi gani?"

Hakuwahi kuniuliza hilo, na mimi sikuwahi kumweleza. "Ulikuwa umeacha kulia," nikamwambia. "Siku ya pili hiyo. Mama alikuwa akikufinya aone kama utashtuka, na hukushtuka."

Akavitazama vidole vyake.

"Basi waambie hivyo," akasema.

Tangu siku hiyo natafuta wa kumwambia.